Maneno ya Penseli

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Joto tangu alfajiri. Goti la kushoto linauma, maana jana nilitembea hadi darajani bila sababu. Mke wangu Nuriya anasema sababu ilikuwa kumkimbia yeye na kazi ya kuezeka banda la mbuzi. Huenda.

Nzai, karani wa chifu, amepita na pikipiki. Ripoti ya mradi imefika ofisini. Kurasa mia mbili na kumi na nne, Kiingereza kitupu! Wananchi tuna wiki mbili za kuisoma, kisha kikao cha maoni Garsen tarehe 20. Nzai akacheka: hata wewe Mwalimu Fumo, ukivaa miwani miwili, huimalizi. Wazee wanaomba niwasomee keshokutwa pale uani kwa chifu, nikitafsiri. Nikakubali kabla hajazima injini. Nuriya anasema nikiombwa kueleza jambo nitafufuka hata kaburini. Ni kweli.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ya shamba inataka kujenga tuta refu la udongo ili maji ya mafuriko yasifike kwenye mpunga wake. Nyuma ya tuta litabaki Ziwa Bakuli. Si ziwa la kwenye ramani. Ni bonde la mviringo: Tana ikifurika linajaa, mto ukirudi linakauka taratibu na kuacha nyasi. Sisi wa Idsowe tunavua humo. Waorma wanaleta ng'ombe wao humo kiangazi, nyasi zikiisha kwingine kote. Kwa hiyo swali la ripoti nzima ni moja — maji ya mto yakizuiwa, Bakuli litaishi au litakufa?

Sina hofu sana. Mtaalamu wa viumbe kwenye mradi ni Haroun. Haroun wangu! Nilimfundisha biolojia kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwao Chara kulipofurika alilala chini ya paa hili miaka miwili. Januari alikuja kuazima madaftari yangu saba ya uwandani. Akayarudisha baada ya wiki, yamefungwa kwenye nailoni yasishike unyevu. Adabu hiyo haifundishwi chuoni.


Jumatano, 6 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulikuwa watu kama sitini. Duba alikuwa mbele, kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti — ile fimbo yenye fundo karibu na mshiko, iliyopasuka akaizungushia waya wa shaba. Mzee huyu ni Muorma, mimi ni mtu wa Kau, karibu na bahari, na tumefahamiana tangu mwaka wangu wa kwanza kufundisha huku. Nyasi zote ninazozijua kwenye delta hii, nusu yake alinionyesha yeye.

Nilianza vizuri. Nilieleza maana ya neno spishi. Nilieleza kuwa ripoti imewapanga viumbe kwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, mpaka spishi, kama mtu anavyotajwa kwa ukoo, mlango, nyumba, mpaka jina lake. Watu wakaitikia. Mama mmoja akauliza kama kiboko ana ukoo. Nikamwambia anao, na jamaa yake wa karibu ni nyangumi. Akasema basi ndoa ilifanyika zamani sana! Wakacheka. Nilifurahi. Nilikuwa darasani tena.

Ukurasa wa 131. Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi, bila kuitangulia kwa macho: "Viumbe wakuu wa Ziwa Bakuli wamezoea ukame. Samaki kamongo, kwa mfano, hafi ziwa likikauka. Hujizika kwenye tope akasubiri. Nyasi za ziwa nazo hulala na kuchipua upya. Kwa hiyo tuta halitakuwa na athari kubwa." Halafu, kwenye mabano, chanzo. Nikakisoma nacho, maana mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Mwalimu Fumo, daftari la uwandani, 2009."

Nzai akasema polepole, "Mwalimu, huyo si wewe?"

Nikasema ni mimi. Nikasema maneno ni yangu lakini si yote. Nikasema ngojeni. Nikafungua ukurasa unaofuata, na unaofuata huo, nikitafuta yaliyobaki. Hayapo. Ukurasa wa 140 kuna ramani ya Bakuli, yenye malka tatu, zile njia za ng'ombe kushukia majini. Ramani niliichora mimi. Malka alinionyesha Duba.

Duba akasimama. Hakupaza sauti. Alisema alimwonyesha mwalimu, hakumwonyesha kampuni. Akagonga fimbo chini mara mbili na kuondoka. Kwa desturi yake angeaga kila mtu kwa jina.

Wengine walibaki, kwa heshima tu. Sikuendelea kusoma.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua daftari la nne. Maneno yote yapo! Sijachanganyikiwa. Lakini lazima nijieleze mwenyewe jinsi lilivyoandikwa.

Tangu nianze, nina kanuni moja. Nilichokiona kwa macho yangu, wino. Nilichoambiwa, penseli. Nikija kukiona baadaye, naipitia penseli kwa wino. Niliwafundisha wanafunzi hivyo hivyo, ili wasichanganye ushahidi na uvumi. Mtu anayeandika alichosikia kwa wino ni mwongo mwenye hati nzuri — hivyo nilikuwa nikiwaambia.

Tarehe 12 Septemba 2009, mwaka wa ule ukame. Wino: "Bakuli limekauka kabisa. Tumechimba tope lililopasuka, futi moja na nusu. Kamongo, yu hai, amejikunja ndani ya ngozi ya ute mkavu. Hafi ziwa likikauka, hujizika akasubiri."

Chini yake, penseli: "Huyu yu hai kwa sababu mwaka jana maji yalifika. Akilala anakula nyama ya mwili wake mwenyewe. Mafuriko yakikosekana miaka miwili, nyama inaisha. Anaoza ndani ya nyumba yake. Nyasi nazo hivyo hivyo, mizizi inakufa. — Duba."

Ripoti ina kila neno la wino. La penseli hata moja haina.

Watu husikia "amezoea" wakadhani ni "hashindwi". Hapana! Kila kiumbe kimeshonewa kanzu kwa kipimo cha mahali pake. Mkoko wa Kipini una mizizi ya kupumulia inayochomoza topeni, kwa sababu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Yazuie yasishuke kabisa, mizizi ile ile inaukosesha pumzi na mti unakufa. Kamongo naye ameshonewa kiangazi chenye mwisho. Nimelieleza hili darasani miaka thelathini na moja. Leo sina wa kumweleza ila karatasi.


Ijumaa, 8 Agosti

Msikitini. Salamu zilikuwa fupi. Mtu mmoja aliniuliza kama kampuni itanijengea nyumba ya ghorofa au ya kawaida. Wenzake walicheka wakitazama chini.

Nimempigia Haroun. Amepokea mara moja. Atakuja Jumapili. Sauti yake ya kawaida.


Jumapili, 10 Agosti

Amekuja na gari la mradi, akaliacha mbali na nyumba, chini kule kwenye mikoma. Sukari, majani ya chai, kanga ya Nuriya. "Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama." Amenenepa kidogo. Miwani imempendeza.

Sikumpigia kelele. Nilimwekea ripoti na daftari kando kwa kando. Akasoma. Akashika kichwa. Akatoa simu yake akanionyesha: Januari alipiga picha kila ukurasa kwa kitu cha ndani ya simu kinachosafisha karatasi, kikaondoa madoa na vumbi na kuacha maandishi yaliyokoza. Nikaangalia picha moja moja. Kweli! Wino umesimama kama nyasi baada ya mvua. Penseli hakuna. Karatasi nyeupe tupu. Mashine imeidhania penseli yangu uchafu.

Jinsi nilivyofarijika! Nilikaribia kulia. Kosa la mashine. Akaomba radhi mara tatu. Atarekebisha kwenye toleo la mwisho. Nikauliza toleo la mwisho linatoka lini. Baada ya mradi kupata kibali, akasema. Nikamuuliza, kibali kikishatoka, rekebisho ni la nini? Akasema kuna taratibu zake, Mwalimu, usiwe na wasiwasi, ila kwa sasa kwenye kikao ingefaa nisilete mkanganyiko, maana jina langu limeheshimika mle ndani.

Tukala wali na kambare. Amekula sahani mbili, kama zamani.

Alipoondoka, Nuriya aliosha vyombo kwa kishindo. "Baba Bushra, ati mashine. Mashine ilikuwa mkononi mwa nani?" Nikamwambia asiwe na dhana mbaya kwa mtoto aliyemlea. Akasema aliyemlea ndiye anayemjua: alipokuwa hapa, akivunja kikombe alikuwa akitusaidia kumtafuta paka aliyekivunja.


Jumatatu, 11 Agosti

Si mashine.

Nilikuwa nimekaa na daftari la nne tangu kifungua kinywa, nikilisoma tena kwa mapenzi tu. Na nikaiona hati. Ile penseli ya 12 Septemba si hati yangu! Herufi k yenye mkia mrefu, d iliyolala. Ni ya Haroun!

Sasa nakumbuka yote. Kidato cha tatu, niliwapeleka Bakuli. Duba alituonyesha pa kuchimba. Alijua kwa tundu dogo la pumzi. Mimi nilimshika yule kamongo kwa mikono miwili, tope hadi kwenye viwiko. Duba akaanza kusema. Nikapiga kelele: "Haroun, chukua penseli, andika asemayo Mzee!" Akaandika. Akiwa amechuchumaa, daftari juu ya paja, ulimi nje kama kawaida yake akiandika. Kila neno. Kisha akayasoma kwa sauti ili Duba ayathibitishe, na Duba akasema ndivyo.

Hakuhitaji picha kumkumbusha. Maneno yalitoka mkononi mwake mwenyewe.

Nimempigia mara nne. Hapokei. Nimempelekea picha ya ukurasa, kwa kamera ya kawaida, penseli inaonekana vizuri. Simu inaonyesha ameiona. Baada ya saa tatu: "Niko field Mwalimu. Tutaongea."


Jumanne, 12 Agosti

Sikula. Nuriya hakunisema. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimeikunja ile kanga na kuiweka juu ya kabati. Aliitoa, akaivaa akaenda nayo kwa mbuzi. Kitambaa hakina kosa, akasema.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Duba. Bodaboda mpaka njia ilipokwisha, kisha miguu. Nilikwenda na daftari kifuani kama mtu anayepeleka barua ya talaka ya mwenzake. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba nilimwandika, kwamba msaliti ni mwingine.

Kadra, binti yake, alinipa chai ya maziwa matupu. Duba alinikaribisha — hakuna Muorma atakayekuacha umesimama nje — lakini aliniita "mgeni".

Nikamfungulia ukurasa. Hakusoma shule, ila ana macho ya kumjua ng'ombe wake kati ya mia nne, kwa hiyo hatazami kitu ovyo. Akalileta daftari karibu na uso.

"Hii ya bluu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na hii, ya moshi?"

"Ni wewe."

Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Bluu na moshi. Akauliza kwa nini yeye ni moshi. Nami — Mola anisamehe — nilichangamka! Nikaanza kueleza. Kanuni ya uchunguzi, tofauti ya kuona na kuambiwa, umuhimu wa kuthibitisha. Nilieleza vizuri sana. Nilitoa mfano. Katikati ya mfano nikajisikia mwenyewe, sentensi ikanifia mdomoni.

Duba akasema mwaka wa themanini na nne alikuwa kijana mwenye mke mmoja. Mafuriko yalikuwa yamekosa miaka miwili. Watu walikuwa na njaa, yeye akaenda Bakuli kuchimba kamongo. Alichimba mashimo kumi na moja. Kwenye mashimo yote kumi na moja alikuta mifupa na ngozi. "Mimi sikuambiwa, Mwalimu. Mimi niliona. Macho yangu si macho?"

Nikasema ni macho.

"Hii ya moshi inafutika?"

"Inafutika. Kwa raba."

"Na yako?"

"Haifutiki."

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema basi yule kijana wangu hakufuta kitu. Nilimtayarishia mimi, miaka kumi na sita kabla.

Kadra akaja kuchukua vikombe. Alitutazama mmoja mmoja, akarudi ndani bila kuvichukua.

Nilikwenda kushtaki usaliti. Nimerudi nao nyumbani.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimehesabu daftari la nne peke yake. Mistari ya penseli, mia tatu na kumi na mbili. Iliyopitiwa kwa wino baadaye, tisa. Tisa! Nilikuwa nikisema penseli inangoja kuthibitishwa. Ilingoja nani? Nilikuwa na miguu mizima wakati ule.

Na angalia mpangilio wenyewe. Duba anazipanga nyasi za Bakuli mafungu matatu: ya kunenepesha, ya maziwa, na ya kuvushia, yaani ile inayomfikisha ng'ombe mvua ijayo akiwa hai tu. Nilimwandika kwa penseli, kisha nikaweka pembeni, kwa wino, familia na jenasi kutoka kitabuni — vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuvigundua, niliambiwa na kitabu! Kitabu kilipata wino. Duba akapata penseli. Kuainisha kunaanza na swali: unataka kujua nini? Aliyeuliza nani ni ndugu ya nani kapata jibu lake. Aliyeuliza ng'ombe atafikaje Novemba kapata lake. Hakuna aliye chini ya mwenzake. Hili nalo nimelifundisha. Kwa mdomo.

Jioni nilichukua kalamu nikaanza kuipitia penseli ya 12 Septemba kwa wino. Neno la kwanza, "Huyu". Nikasita.

Nuriya alikuwa akichambua mchele. "Mbona umesimama?"

"Sikuona mimi. Nikiandika kwa wino nitakuwa nimedanganya."

"Duba aliona."

"Lakini daftari ni langu."

"Haya," akasema, "hapo ndipo wewe na Haroun mnapofanana."

Nimeliacha neno moja tu lina wino. Huyu.


Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda Bakuli. Peke yangu, na fimbo ya kuazima. Nilidhani nitaona kitu cha kuandika.

Maji bado yapo, yamefika kiunoni mwa matete. Nyasi zile zinazoelea zimetanda kijani, zinapanda na maji na kushuka nayo. Korongo, kwarara, furukombe mmoja. Vigingi vya mbao vyenye rangi nyekundu vimepigwa mstari mmoja, upande wa mashariki, vikikata malka zote tatu. Vigingi nimeviona. Wino.

Lakini ukame wa miaka miwili hauonekani asubuhi moja. Ningekaa wapi niuone? Ili nione alichokiona Duba, lazima kwanza Bakuli life. Hapo nitakuwa na haki ya kuandika kwa wino kwamba limekufa! Kanuni gani hii? Nimeishi nayo maisha yote.

Nikasimama muda mrefu. Kamongo mmoja alikuja juu kuvuta pumzi — mapovu, pua, kisha mkia. Hajui kama kuna kikao.

Kwenye malka ya kati nilimkuta Kadra na ndama. Akaniamkia. Nikamuuliza kama Mzee atakuja Garsen Jumatano. Akasema amemuuliza, amenyamaza. Akasema, "Mwalimu, Baba akinyamaza si hapana. Lakini usiseme ni ndiyo." Nikamwomba amfikishie ujumbe: sitaki anisamehe, nataka aje aseme mwenyewe. Akaurudia neno kwa neno ili nihakikishe. Sikumwambia amenikumbusha Haroun.


Jumatatu, 18 Agosti

Nzai ameniandikisha kati ya wasemaji. Wa tano. Nikamwomba amwandike Duba. Anasema kila mtu ajiandikishe mwenyewe, kwa sahihi au kidole, na leo ndiyo mwisho. Mpaka ofisi inafungwa Duba hakuonekana.

Haroun: kimya.


Jumatano, 20 Agosti 2025

Garsen. Ukumbini. Naandika nikiwa kwenye kibaraza. Wametoka kwa swala ya adhuhuri na chakula. Mimi nimeshaswali, chakula sikitaki. Tunarudi baada ya dakika chache. Niandike kabla hayajapoa.

Askari wawili mlangoni. Fimbo, mapanga, rungu, vyote vinabaki nje, ni amri ya vikao vyote huku tangu miaka ile ya mapigano ya wafugaji na wakulima. Nilipoingia asubuhi rundo lilikuwa dogo.

Wasemaji wanne wa kwanza walisema kwa hasira, na mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu kutoka Nairobi, aliandika kwa upole. Haroun ameketi meza ya kampuni, kompyuta mbele yake. Aliponiona alisimama kabisa, akaja, "Shikamoo Mwalimu," mbele ya watu wote. Nikaitikia marahaba. Ulimi una mazoea yake.

Ikafika zamu yangu. Nilisimama na daftari la nne. Nilieleza kamongo ni nani. Nilieleza kuwa sentensi yangu imekatwa katikati, na nikasoma iliyobaki, penseli yote, mpaka jina la Duba. Nilisoma vizuri. Nikasikia mwanamke nyuma akisema, "Hasa!"

Mwenyekiti akauliza kama kampuni ina swali. Haroun akachukua kipaza sauti. Sauti ya adabu, ile ile. Akasema kila alichojua kuhusu uchunguzi alifundishwa na mzee huyu, na anajivunia. Akasema mwalimu wake alikuwa na kanuni ya dhahabu. Akawaeleza watu wino, akawaeleza penseli. Alieleza vizuri kuliko mimi! Kisha akasema, "Kwa heshima yote, Mwalimu atuambie tu: hayo aliyosoma sasa hivi aliyaona mwenyewe, au aliambiwa?"

Meza ya kampuni wakatazama chini, kama watu wanaoficha tabasamu. Haroun hakutabasamu. Alinitazama usoni akingoja, kama siku ya mtihani.

Nilimwona yule mwanafunzi aliyechuchumaa topeni, ulimi nje, akiandika. Nikataka kusema: hati ni yako! Nikaona haitoshi. Hata nikimwaibisha, swali linabaki pale pale, na nililitengeneza mimi.

Adhana ikaingia. Mwenyekiti akafunga faili lake akasema, Mwalimu atajibu tukirudi.

Jibu la kweli ni neno moja. Niliambiwa. Nikilisema na kuketi, Bakuli limekwisha. Nikisema niliona, nimekuwa mwongo mwenye hati nzuri. Au niseme: niliambiwa, na aliyeona yupo hapa, mwulizeni yeye. Lakini yupo? Hakujiandikisha. Wakati wote nikisoma niliyatafuta macho yake ukumbini, safu kwa safu. Watu mia tatu. Sikumwona.

Nzai amenipitia na soda. Nimemuuliza kama mtu asiyeandikishwa anaweza kusema. Akasema mwenyekiti akimruhusu. Halafu akasema, "Lakini Mwalimu, atamruhusu nani? Hewa?"

Rundo la fimbo limekua tangu asubuhi. Niko hatua mbili tu kutoka hapo lilipo. Siku ya kwanza ya kila kidato cha kwanza niliwavua wanafunzi ndala zote, nikazirundika chini, wakazitenga mafungu mawili mawili kwa maswali: ina kamba au haina, imeisha kisigino au bado, mpaka kila moja ibaki na mwenyewe. Nimekuwa nikizitenga hizi fimbo kwa macho bila kukusudia. Nyeupe na nyeusi. Zenye kichwa na zisizo nacho. Zilizonyooka. Zenye fundo, tatu. Zenye fundo na waya —

Moja. Iko chini ya nyingine mbili. Waya wa shaba, mizunguko sita, karibu na mshiko.

Nimeinuka nikaishika. Askari akasema, "Mzee, hapana kugusa. Yako ni gani?" Nikamwambia si yangu. Nikamuuliza mwenyewe kaingia saa ngapi. Hakumbuki. Nikamuuliza kama ameingia, au ameiacha tu akaenda zake sokoni. Akasema yeye analinda fimbo, halindi watu.

Kengele. Wanarudi ndani. Haroun amepita mbele yangu, akanishikia mlango niingie kwanza. Nimemwambia atangulie, naandika.

Fimbo ya Duba iko hapa. Nimeiona mwenyewe.

Naitwa kwa kipaza sauti. Jina langu, mara ya pili.